Kilo Moja na Nusu ya Amoit

Siku yangu ya kwanza kwenye uwanja wa gokati nilimfukuza mtu asiye na kosa. Nasema hivi mapema ili mnijue. Maisha yangu yote nilikuwa karani wa mizani katika yadi ya wasafirishaji hapa Busia, na kazi ya mizani ya malori ni moja tu: kumkamata aliyezidisha. Dereva anapanda na tani zake, wewe unatazama, akizidi unamrudisha. Basi Jumamosi ile nikaitwa kusaidia kupima vigari vya mbio, akaja wakala mmoja wa forodha mwenye kitambi cha heshima, na mshale ukapita mia moja sitini ukaenda kusimama karibu na mia moja tisini. Nikamwambia, "Baba, umezidi. Teremka, leo hushindani."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mkaguzi Mkuu wa klabu hakucheka. Alikuwa fundi mstaafu wa injini za treni pale Tororo, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na alinivuta kando akanieleza pole pole. Kwenye gokati mwizi si aliyezidi. Mwizi ni aliyepungua, kwa sababu kigari chepesi kinakimbia zaidi. Dereva, kigari, helmeti na kila alichovaa, vyote pamoja lazima vifike kilo mia moja sitini. Mwembamba asiyefika anaongezewa vipande vya risasi, ile metali nzito tuliyokuwa tukiyeyusha kutoka kwenye betri kuukuu za malori, tunavifunga kwa bolti nyuma ya kiti.

"Zaituni," akaniambia, "huku ni Busia iliyopinduliwa. Lori liache kule barabarani."

Ndivyo nilivyoanza. Nyinyi mnaokuja leo na simu zinazowahesabia kila mzunguko, mkadhani mchezo huu umeshuka kutoka mbinguni, nisikilizeni. Uwanja wetu ulikuwa yadi ya malori iliyoachwa, njia ya kwenda Tororo, ile miamba ya mji mnaiona mbele yenu. Kona tulizipanga kwa matairi ya trela. Waliokuja kushindana walikuwa mawakala wa forodha, wabadilisha fedha, madereva wa masafa na mafundi wa pikipiki, watu waliofanya kazi wiki nzima na Jumamosi wakataka kukimbizana kihalali. Gokati haina springi. Springi ni mgongo wako mwenyewe, na Jumapili asubuhi utawaona wanaume wazima kanisani wakishindwa kuinama. Injini ni ya silinda moja, inakaa ubavuni mwa dereva, na inazungusha ekseli ya nyuma kwa cheni. Tairi zake ni kipara, hazina meno hata moja. Barabarani askari angekusimamisha kwa tairi kama hizo. Kwetu ukija na zenye meno siku ya jua tunakuuliza kama umepotea njia ya shambani.

Nilipitia kazi zote. Nilianza kama msaidizi wa mizani, kisha nikapelekwa kona ya tatu kushika bendera. Huko mkubwa wangu alikuwa Mkurugenzi wa Mbio, mwanamume mpole aliyewahi kuendesha malori mpaka Juba. Njano maana yake kuna hatari mbele, punguza. Bluu maana yake nyuma yako kuna mwenye kasi, mpishe. Siku moja nilimpungia mtu bendera ya bluu huku nikimtukana kwa Kisamia, na Mkurugenzi akaja taratibu akasema, "Mama, bendera ndiyo mdomo wako. Huo mwingine ufunge." Nikaufunga, ingawa yule dereva alistahili. Baada ya bendera nikawa mkaguzi wa tairi na breki, halafu nikarudishwa kwenye mizani, safari hii nikiwa mwenye mizani. Mkaguzi Mkuu alipolemewa na miguu akaniachia kiti chake, na kitabu, na maneno mawili.

La kwanza: kabla hujampima mtu, tazama sifuri. Mizani tupu lazima isome sifuri. La pili: dereva akishatoka kwenye mbio, asiguswe na mtu mpaka apimwe. Hapewi maji, hakumbatiwi, hata mkono hapewi. Mzee alikuwa ameona mengi. Alimwona dereva akipokewa na mkewe kwa kumbatio refu, na alipopimwa akaonekana ameongezeka kilo mbili. "Mapenzi hayana uzito ule," alisema. Kwa hiyo tulichora mstari mweupe kutoka kwenye bendera ya mwisho mpaka kwenye mizani, na aliyeuvuka aliondolewa, awe mke, awe mama mzazi.

Miaka ile yote nilikuwa na msemo wangu mmoja, na niliupenda kupita kiasi. Mtu akilalamika, nilimwambia, "Mizani haisemi uongo." Mawakala wakubwa walinyamaza. Nilijiona mimi ndimi sheria yenyewe. Sasa nikilikumbuka neno hilo nasikia aibu na hasira. Niacheni niwaambie kwa nini.

Kulikuwa na binti anaitwa Amoit, Mteso wa Mella. Kwao ni wakulima wa mtama na karanga. Yeye alikuwa fundi wa pikipiki, na siku za soko alipanga spana zake juu ya gunia pale Nagongera, waendesha boda wakamzunguka. Gokati yake aliiunda mwenyewe. Chesisi aliinunua imepinda akainyoosha kwa moto, injini ilitoka kwenye pampu ya maji iliyokufa. Mashine yake haikuwa na nguvu kama za matajiri, kwa hiyo alichunga uzito kama mwenye duka anavyochunga sukari. Wengine walikuja na kilo tano, kumi, za ziada, kwa kuwa vitambi havifunguliwi kwa spana. Amoit alikuja na mia moja sitini na nusu, kila Jumamosi, mwaka mzima. Ile nusu, alisema, ni ya jasho. Nilimpima mara nyingi sana, na kila mara nilifurahi. Kazi safi unaijua.

Ilipofika fainali ya msimu, mizani yetu ilikuwa imekufa. Mwenyekiti wa klabu akaenda kuazima nyingine kwa mfanyabiashara wa mahindi wa sokoni Busia. Mwenyekiti alikuwa mwenye kampuni ya kupitisha mizigo mpakani, mtu wa suti na salamu nyingi, na mpwa wake alikuwa akishindana. Mizani ikaletwa, kubwa, ya uso wa mviringo kama saa. Pale chini mshale unapoanzia palikuwa pamebandikwa kikaratasi chenye picha ya hindi la njano.

Sikutazama sifuri.

Wageni walikuwa wengi, watu wa redio wapo, Mwenyekiti ananiharakisha. Lakini sitajificha nyuma ya haraka. Mimi ni mtoto wa Busia. Kila mtoto wa Busia anajua mizani ya mahindi inakata gunia. Mkulima akileta mzigo, mnunuzi anatoa kilo mbili, eti uzito wa gunia tupu, na ili asigombane na kila bibi kizee, anaurudisha mshale nyuma ya sifuri kwa kilo mbili, halafu anafunika mwanzo kwa kikaratasi. Mama yangu alikatwa gunia, nyanya yangu alikatwa gunia. Tumezoea mpaka hatulioni tena. Niliitazama ile picha ya hindi, nikasema moyoni, ah, mizani ya mahindi, nikaendelea na kazi.

Amoit alishinda. Aliwapita wote kona ya mwisho, upande wa ndani, mahali ambapo mtu mwenye akili timamu hapiti. Mpwa wa Mwenyekiti akawa wa pili. Amoit akaja kwenye mstari mweupe peke yake, helmeti kichwani, akapanda na gokati yake. Mshale ukasimama kilo mia moja hamsini na nane na nusu.

"Umepungua kilo moja na nusu," nikamwambia.

"Mama, haiwezekani. Risasi yangu yote iko. Hesabu."

Nilihesabu. Vipande vilikuwepo, bolti zimekaza. Mtu mwenye akili hapo angesimama ajiulize. Mimi nikasema, "Mizani haisemi uongo," nikaandika.

Kisha akaja mpwa. Kabla hajafika kwenye mstari, Mwenyekiti alitoka na wageni wake, akinamama wa familia wakapiga vigelegele, wakamtunza. Mnajua tunavyotunza watu huku kwetu: mashada ya karatasi za kung'aa shingoni, leso, zile kanga za akinamama, moja begani, ya pili, ya tatu. Nikapiga kelele, "Asiguswe! Avue hivyo vitu!" Mwenyekiti akanijia na tabasamu lake.

"Mama Zaituni, hawa ni wageni. Mpime na heshima zake."

"Heshima haipimwi, Mwenyekiti. Sheria inasema dereva na alichovaa kwenye mbio."

"Sheria niliiandika mimi. Mpime."

Nikampima. Alifika mia moja sitini na moja. Nilipozigusa zile leso mkono wangu ulilowa. Siku ya jua kali vile, leso tatu mbichi zinachuruzika maji, na mimi nikatia saini. Hapo ndipo damu inaponichemka mpaka leo. Binti aliyekuja mikono mitupu alihukumiwa kwa gramu, na mtoto wa wakubwa alipimwa pamoja na nguo za shangazi zake. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Kupungua peke yake adhabu yake ni kupoteza mbio ile, basi. Mtu anakosa hesabu, anarudi wiki ijayo. Lakini Mwenyekiti alichukua kitabu cha klabu, na mbele ya jina la Amoit akaandika neno moja: *udanganyifu*. Na chini yake: *asirudi*. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, nimeshika kifuniko cha kalamu. Sikufungua mdomo. Mdomo ule ule uliomtukana mtu kwa Kisamia juu ya bendera ya bluu, siku hiyo ukawa hauna meno, kama tairi zetu.

Jumatatu Amoit alikuja yadini kwetu kwenye dirisha langu. Amekodi pikapu kutoka Nagongera, gokati ipo nyuma imefungwa kwa kamba.

"Mama, mimi nakuja kwa heshima. Jana napima kwa duka ya simenti. Nakaa ndani kabisa, na helmeti. Inasema mia moja sitini na nusu. Tafadhali, pima tena."

"Duka la simenti si klabu."

"Wewe unanijua, Mama. Mwaka mzima unanipima."

Na mimi, mjinga mwenye kiburi, nikamwambia mizani haisemi uongo, nikafunga dirisha. Nilimsikia amesimama pale muda. Halafu pikapu ikawaka.

Wiki kadhaa zikapita. Ukingo wa kona ya tatu ulikuwa umevunjika, klabu ikaagiza simenti. Vibarua walipoileta stoo walikuta hapana nafasi, wakatupa mfuko juu ya ile mizani ya kuazima ambayo hakuna aliyekuwa ameirudisha. Nilikuwa nimekaa natafuta rejista, nikainua macho. Arobaini na nane.

Sasa, watu wa upande huu hatuna haja ya kufundishwa mfuko wa simenti una kilo ngapi. Simenti inatoka Tororo, tumezaliwa nayo, hata mtoto atakwambia ni hamsini. Nikawaambia wautoe, waweke mwingine. Arobaini na nane. Wa tatu, arobaini na nane. Nikapiga magoti pale kwenye vumbi, nikabandua lile hindi la njano kwa ukucha. Mshale ulikuwa umelala kilo mbili chini ya sifuri, umetulia.

Nililia. Vibarua walidhani nimepata habari ya msiba.

Nilikwenda kwa Mwenyekiti siku ile ile, na kikaratasi mkononi. Alinisikiliza vizuri, akaagiza chai. Kisha akasema, "Mama, kitabu kimefungwa. Kikombe kimeshatolewa, redio imeshatangaza. Unataka tuonekane klabu ya wajinga?"

"Tuonekane tulivyo."

"Na kwani ni nani huyo? Fundi wa pikipiki. Atasahau."

Nilisimama bila kuigusa chai. Niliandika barua, haikujibiwa. Niliomba mkutano, nikaambiwa ajenda imejaa. Niliulizwa na mjumbe mmoja kama umri haujaanza kunichezea akili. Watu hawa hawa, lori lao likizuiwa mpakani kwa kosa la kilo chache kwenye karatasi, wanapiga simu mpaka kwa mawaziri wakilia wameonewa.

Nikaenda Mella. Nilimkuta Amoit nyumbani kwao akipura mtama na mama yake. Gokati ilikuwa imefunikwa turubai, na kuku ametagia kwenye kiti. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, sikuona haki ya kuketi. Alisikiliza akitazama mikono yake.

"Mimi najua siku ile ile," akasema. "Mwili yangu najua. Wewe ndio hukujua."

"Nisamehe, mwanangu."

"Mama, Nagongera sasa wananiita Kilo Moja na Nusu. Mtu ya boda analeta pikipiki, mwenzake anamwambia, angalia, huyo atakuibia hata maji ya betri. Siku ya soko nakaa mpaka saa sita hakuna mtu. Kikombe wakae nayo. Mimi nataka ile neno itoke kwa kitabu."

Mama yake akaniletea kigoda. Ndipo nikakaa.

Muda wangu wa kustaafu ulikuwa umekaribia, na klabu ikaandaa sherehe ya kuniaga pale pale uwanjani. Hema, viti, soda, ngao ya mbao yenye jina langu kwa herufi za dhahabu. Wanachama wote walikuwepo. Mwenyekiti akanisifu sana. Kwa maneno yake, mimi nilikuwa dhamiri ya klabu. Kisha wakanipa kipaza sauti.

Sikuwa na hotuba. Niliwaomba vibarua wawili walete ile mizani ya mahindi na mfuko mmoja wa simenti, haujafunguliwa. Nikawauliza wageni, "Huu una kilo ngapi?" Wote wakajibu hamsini, kama watoto wa shule. Mfuko ukawekwa. Nikamwita mwenye kitambi, yule niliyemfukuza siku yangu ya kwanza, asome kwa sauti. Akasoma arobaini na nane. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Sasa ongezeni kilo mbili kwenye kila hesabu ya fainali, kuanzia ya Amoit wa Mella," nikasema. "Na mtoe leso tatu mbichi kwenye hesabu ya mshindi wenu."

Mwenyekiti akainuka kusema leo ni siku ya furaha, mambo haya yana vikao vyake. Sikumngoja. Kitabu kilikuwa mezani kwa ajili ya saini yangu ya mwisho. Nikakifungua kwenye fainali ile, nikakata neno *udanganyifu* kwa mstari mmoja ulionyooka, ili kila mtu aone nini kilikuwa kimeandikwa, na juu yake nikaandika: *Dereva alikuwa na uzito kamili. Kosa ni la mpimaji, hakutazama sifuri.* Nikaandika jina langu lote, na la baba yangu.

"Umejiharibia jina mwenyewe," Mwenyekiti akaniambia chini chini.

"Ni langu. La yule binti hukuwa na ruhusa ya kuliharibu."

Ngao waliirudisha stoo. Amoit walimruhusu kurudi, na aliyepeleka habari alikuwa Mkurugenzi wa Mbio peke yake, kwa simu yake, bila barua, bila pole. Kikombe bado kiko kabatini kwa mpwa. Nikipita pale navimba, na sitaki kupoa. Wanaoniambia, "Mama, yameisha," hawajawahi kukaa siku nzima ya soko na spana zao bila mteja.

Sasa nimestaafu kweli. Nakaa nyumbani Busia, magoti yananiuma mvua ikitaka kunyesha, na watu wananiuliza kazi ile imenifundisha nini. Nawaambia imenifundisha kuwa mizani inasema inachoambiwa. Mwenye kusema uongo au kweli ni yule aliyesimama kando yake na kalamu. Mkaguzi Mkuu aliniachia maneno mawili, na niliyapoteza yote mawili siku ambayo yalihitajika, basi. Sina hekima zaidi ya hiyo.

Mizani ile mfanyabiashara hakuitaka tena, maana imeshajulikana. Niliichukua, nikaurudisha mshale mahali pake, ipo kwenye baraza yangu. Alhamisi iliyopita, kabla ya mbio za Jumamosi, nilisikia pikapu ikisimama nje. Amoit akaingia, mweusi wa grisi, meno yote nje, akaniamkia vizuri kwa kupiga goti kama kwao. Nyuma yake wakaja wanaume wawili wameibeba gokati.

"Mama, nataka kupimwa na wewe."

Nikavaa miwani, nikasogea kwenye mizani, nikamwonyesha mahali pa kupanda. Hakupanda. Alirudi kwenye pikapu, akatoka na mfuko wa simenti begani, mpya, akautua juu ya mizani, akainama kutazama mshale.

"Kwanza simenti, Mama," akasema. "Halafu mimi."

Ikasoma hamsini. Nikamwambia, "Panda, mwanangu."